Kifundo cha Mguu Kikiteguka

Ndugu mfanyakazi, ukiteguka kifundo ukicheza mpira hapa Mikelenge, usikandwe kwa maji ya moto siku hiyo. Damu inavuja ndani. Moto na kusugua huzidisha uvimbe. Weka kitambaa cha maji baridi, inua mguu. Ukishindwa kupiga hata hatua 4, njoo upigwe picha: huenda mfupa umevunjika.

Maumivu hutudanganya. Huisha mapema, na kano, ile kamba ishikayo mifupa, bado ni dhaifu. Huchukua majuma 6 au zaidi kukaza. Lakini kano haikazi kwa kulala tu. Uvimbe ukipungua, chezesha kifundo, kisha simama kwa mguu huo nusu dakika, asubuhi na jioni, bibi akikushika mkono. Akicheka, mwache acheke. Mpaka uweze kurukaruka kwa mguu huo bila maumivu, usirudi uwanjani, na mwambie kapita asikubebeshe mawe mtelemkoni.