Caro-Kann Haibomolewi kwa Kudesa

Muhula uliopita nilimfunga jamaa mmoja wa mwaka wa pili kwa hatua sita. Sita tu, na ukumbi wa hosteli ukalipuka kwa kelele. Wiki iliyofuata tukakaa tena, nikarudia kitu kilekile. Akatabasamu. Akanifunga siku hiyo, na mara nne zilizofuata, taratibu, hana haraka, kama mtu anayesubiri wali uive. Makala haya yametokana na vipigo hivyo vitano.

Ulinzi anaoucheza unaitwa Caro-Kann. Nyeupe anaanza e4, Nyeusi anajibu c6. Nyeupe anaweka d4, Nyeusi anaweka d5. Basi. Jina limetoka kwa watu wawili wa karne ya 19, Horatio Caro na Marcus Kann, waliouchambua miaka ya 1880. Botvinnik, Petrosian na Karpov, wote mabingwa wa dunia, waliutumia, na hakuna kati yao aliyejulikana kwa kupenda fujo.

Ugumu wake uko hapa. Yule askari wa c6 anamshikilia mwenzake wa d5, kwa hiyo ukimla, Nyeusi anakula tena kwa askari na katikati panabaki pazima. Halafu askofu wa c8 hajafungiwa ndani. Kwenye Ulinzi wa Kifaransa, ambako Nyeusi anaanza na e6, huyo askofu anaweza kukaa nyumbani hadi mechi iishe. Hapa anatoka mapema kwenda f5 au g4. Sisi tuliokulia kwenye drafti ya kijiweni tunasumbuka kidogo: kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo unaweza kumlazimisha mtu afungue ukuta wake. Kwenye chesi hakuna wa kumlazimisha. Jamaa anakaa tu.

Sasa ule mtego wangu. Baada ya 2. d4 d5, farasi wangu alikwenda c3, Nyeusi akala e4, farasi wangu akala tena. Nyeusi akamtoa farasi wake wa b8 kwenda d7, nami nikamweka malkia e2. Nyeusi akijisahau akamtoa farasi wa pili kwenda f6, farasi wangu anaruka d6 na kazi imekwisha. Mfalme hana pa kukimbilia, na askari wa e7 hawezi kumla farasi kwa sababu akihama tu, malkia wangu anamkabili mfalme uso kwa uso. Tamu sana. Ila mpinzani akicheza e6 kwanza, mtego umekufa, na malkia wangu amekaa e2 akimzibia njia askofu wangu wa f1. Yaani nimelipia tiketi ya sinema ambayo haionyeshwi tena. Mara tano!

Kosa langu lilikuwa lilelile la kwenye mitihani: nilidesa. Niliiba mfuatano wa hatua bila kujua unatafuta nini. Na kukariri kuna hatari yake hata kwa wakubwa. Mei 1997, kwenye mechi ya sita na ya mwisho dhidi ya kompyuta ya Deep Blue, Garry Kasparov alicheza Caro-Kann akiwa na kete nyeusi. Kwenye hatua ya saba alisukuma askari h6 mapema mno, badala ya kumtoa kwanza askofu kwenda d6. Kompyuta ikamtoa farasi sadaka pale e6, na mchezo ukaisha kwa hatua 19. Bingwa wa dunia, jamani, kwa kukosea mpangilio.

Kwa hiyo mtu mwenye tesiti tatu wiki moja ajiandae vipi? Uwanja mpana zaidi unapatikana kwa kusukuma 3. e5. Unapata nafasi, unambana Nyeusi upande wa mfalme, na Nigel Short alionyesha kwamba hata kwa kutoa kete kwa utulivu, farasi f3 na askofu e2, Nyeusi anateseka. Naupenda. Lakini unadai muda: Nyeusi anaweza kumtoa askofu f5, au kupiga c5 papo hapo kama Botvinnik alivyomfanyia Tal mwaka 1961, na kila njia ina matawi yake. Ni kozi nzima, na mimi sina nafasi ya kusajili kozi nyingine.

Nikachagua kubadilishana: 3. exd5 cxd5, halafu askofu d3. Wengi wanadharau, wanasema ni mchezo wa watu wanaotafuta sare. Mwaka 1970 kule Belgrade, kwenye pambano la Umoja wa Kisovyeti dhidi ya dunia nzima, Bobby Fischer alicheza hivyohivyo dhidi ya Petrosian, mtu mgumu kufungwa kuliko karibu wote wa zama zake, na akashinda. Sasa niambie tena ni ufunguzi wa sare.

Uzuri wake ni kwamba kila hatua ina sababu unayoweza kumweleza mwenzako kwenye foleni ya kafeteria. Askofu wa d3 anamnyima askofu wa Nyeusi ile f5 anayoitaka. Askari wa c3 analinda d4. Askofu mwingine anakwenda f4, ili asibaki nyumbani. Nyeusi akimpeleka askofu wake g4, ameiacha b7 bila mlinzi, na malkia wako anakwenda b3 kumuuliza maswali. Fischer alipitia hapo, kisha malkia akarudi c2 na askari akasukumwa a4, ili Nyeusi asipate kuweka askofu b5 na kubadilishana na yule wa d3. Askofu wa d3 na malkia wa c2 wanatazama h7. Farasi anatafuta e5. Huko ndiko unakoelekea.

Naye Nyeusi ana wake: anasukuma askari wa b hadi b4 kwenda kuivunja c3. Ukikaa tu kusubiri, atafika, na hapo utajua kwa nini watu wanasema ufunguzi huu ni mwepesi kwa Nyeusi. Ni mbio. Wewe upande wa mfalme, yeye upande wa malkia.

Maandalizi yangu yote yako kwenye karatasi moja ya daftari. Upande wa mbele ni hatua sita au saba za kwanza, kila moja na sababu yake kwa Kiswahili. Nyuma ni orodha ya vipigo: nikipoteza mechi ya dakika kumi kwenye Lichess, natafuta hatua ya kwanza ambapo sikuwa na wazo, siyo ile nilipopoteza kete. Hiyo ndiyo naandika. Kompyuta naifungua mwishoni kabisa. Ukiifungua mwanzo itakwambia nafasi ni karibu sawa, utakata tamaa na kurudi kutafuta mitego. Nafasi kuwa sawa kwa mashine hakumaanishi ni sawa kwa binadamu aliyebakiza dakika mbili.

Pengo bado lipo. Nyeusi akiweka malkia c7 mapema, askofu wangu hawezi kwenda f4 moja kwa moja. Namtoa farasi wa g1 kwenda e2 kuisaidia hiyo f4, ila kuanzia hapo bado napapasa. Tumecheza mara tatu tangu nianze karatasi hii: sare mbili, nikapoteza moja, na hiyo niliyopoteza ilifika hatua ya 50. Jumamosi tunakutana tena, na nimesikia ameanza kumweka malkia c7.