Kufundisha Hadithi za Watu wa Mipakani

Mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kigoma hufundisha watoto ambao historia ya jamaa zao haikomei mpakani. Msemaji wa Kiha na msemaji wa Kirundi huelewana. Wamanyema wa Ujiji wana asili ya ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo; wengi wa wazee wao walifika katika karne ya 19 pamoja na misafara, wakiwamo watumwa na wapagazi, na jina hilo moja likakusanya watu wa makabila mbalimbali waliokutana ugenini. Mwaka 1972 waliingia nchini Warundi wengi waliokimbia mauaji, na wengi wao walingoja zaidi ya miaka 35 kabla ya kupewa uraia wa Tanzania. Kambi ya Nyarugusu nayo ilianza kupokea wakimbizi wa Kongo mwaka 1996.

Katika darasa la namna hiyo, swali la "wewe ni kabila gani?" si swali jepesi. Mtoto aliyeonywa nyumbani asitaje asili yake hulazimika ama kusema uongo ama kujianika mbele ya wenzake. Mwalimu si ofisa uhamiaji. Hata hivyo, si vema jambo linalowagusa wanafunzi kiasi hicho lipitwe kimya. Hapo ndipo hadithi inapotufaa: mhusika huulizwa yale ambayo mtoto hapaswi kuulizwa.

Tuchukue mfano wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili huitwa Peponi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye humdhani kuwa mjomba wake. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Baadaye anafuatana na msafara wa tajiri huyo kwenda bara, hata kuvuka ziwa mpaka Marungu. Kwao hapo tena si kwao, na anakoishi hajawa mwenyeji. Kitabu hiki ni cha watu wazima. Kwa hiyo mwalimu akisome mwenyewe, kisha asimulie kwa maneno mepesi sehemu inayofaa.

Somo liende kwa hatua tatu. Kwanza, mwalimu asimulie jinsi Yusuf anavyoondoka nyumbani, na jinsi Khalil, kijana mwenziwe wa dukani, anavyomweleza kwamba Aziz si mjomba wake. Pili, aulize maswali ya ufahamu yanayomhusu mhusika peke yake: Yusuf alimwitaje tajiri? Kwa nini alikatazwa? Je, mtu aweza kuwa na kwao zaidi ya kumoja? Tatu, wanafunzi waandike barua ambayo Yusuf angewapelekea wazazi wake.

Katika barua hizo mtoto anaweza kutia huzuni au matumaini yake mwenyewe bila kujitaja. Mwalimu asizisome kwa sauti pasipo idhini ya mwandishi, wala asimuulize yeyote, "Haya ni yako?" Mtoto akipenda kusimulia habari za kwao kwa hiari yake, asikilizwe kwa heshima, na wenzake wazuiwe kumcheka. Mwalimu akilinda siri hiyo, darasa litakuwa mahali ambapo kila mtoto yumo, awe amezaliwa upande wowote wa ziwa.