Mchicha wa 500 na mchicha wa 1,500

Kwenye genge la mtaani kwetu, Dar es Salaam, fungu la mchicha ni shilingi 500. Kwenye duka ninalopitia nikitoka kazini, mchicha wa kilimo hai ni shilingi 1,500. Nyumba yetu hula mboga za majani karibu kila siku, kwa hiyo ni kama 15,000 kwa mwezi gengeni, au 45,000 dukani. Tofauti ya 30,000 inajaza mtungi mdogo wa gesi na chenji inabaki.

Wanaosema Mtanzania hayuko tayari kulipia chakula safi hawajamtazama akinunua kuku. Wa kisasa hufika sokoni akiwa na wiki tano au sita. Wa kienyeji hulelewa miezi kadhaa, na bei yake ni mara mbili au zaidi, lakini akija mgeni wa heshima au mzazi akitoka hospitali, ndiye anayetafutwa. Hatumuulizi cheti. Tunamshika kifua, tunamtazama miguu, na jikoni mchuzi unasema wenyewe. Mchicha hausemi. Uliopigwa dawa jana na ambao haujawahi kuonja dawa hufanana mezani, hivyo anayelipa zaidi analipia neno la mtu.

Kwa upande wetu neno hilo lina alama, Kilimohai, inayotokana na kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007. Mkulima haruhusiwi mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali. Anatengeneza mboji, anapalilia kwa jembe, na anavuka kipindi cha mpito ambacho jasho ni la kilimo hai lakini alama bado hajapewa. Wanaouza soko la ndani wanaweza kukaguana wenyewe katika vikundi, na hilo huwapunguzia gharama ya mkaguzi. Sehemu ya ile 1,000 ya ziada ni jasho hilo, na naiona ni haki. Lakini muulize muuzaji mboga imetoka kikundi gani, shamba liko wapi. Akibabaika, rudisha fungu.

Usilipe ukitegemea vitamini zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipopitia tafiti zaidi ya 200 mwaka 2012, hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina lishe bora kuliko vingine. Walichokiona ni kwamba mabaki ya viuatilifu hupatikana humo mara chache zaidi. Hicho ndicho unachokinunua.

Ndiyo maana muhogo, magimbi na nazi sivilipii nyongeza hata senti. Wengi wa wanaotulimia hawavipigi dawa tangu zamani. Nyanya ni habari nyingine. Juzi nilishika moja gengeni, ina vumbi jeupe limeganda karibu na kikonyo, ukisugua kwa kidole linabaki kwenye ngozi kama chokaa. Ni dawa ya ukungu. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na bei ikipanda sokoni si kila mkulima anazisubiri. Kuosha husaidia kwa kilicho juu ya ganda. Kilichonyonywa na mmea hakitoki kwa maji. Nyongeza yangu ya kwanza huenda hapo, kwenye nyanya, kisha kwenye majani.

Na kutopigwa dawa peke yake hakutoshi. Mboga iliyomwagiliwa maji machafu ya mto uliopita katikati ya jiji ina balaa lake, hata kama haijanusa kiuatilifu.

Nilimuuliza muuza genge wetu nyanya zile zilipigwa dawa lini. “Kaka, mimi nanunua soko la Ilala alfajiri, shamba lenyewe silijui.” Nikamwomba anitafutie mkulima mmoja anayemfahamu, nimwone kwa macho yangu, nione na maji anayomwagilia. Akasema nimpe hadi Jumamosi. Tumekubaliana kwamba akimpata, fungu la mchicha nitalichukua kwa 800, kila siku, bila kuomba punguzo.