Si kila gari linalokwama matopeni ni bovu

Anayeijua Kakamega hahitaji kuelezwa maana ya mvua ya alasiri. Katika eneo linalopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, njia iliyopitika vyema saa nne asubuhi huwa uji mtupu ifikapo saa kumi jioni. Iache lami ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Webuye, uingie ndani kuelekea Shinyalu au mashamba ya miwa ya Mumias, nawe utayaona magari yaliyoinamia mitaroni, madereva waliokunja suruali hadi magotini, na vijana wenye majembe wakingoja kupatana bei.

Kukwama huko si ajabu. La ajabu, na ndilo lililonisukuma kuishika kalamu, ni hukumu inayotolewa baadaye. Pikapu inayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne ikishindwa kujinasua, dereva humpasha tajiri wake habari kwamba "fowili imekufa". Fundi huitwa, naye kabla hata hajachutama kutazama chini ya gari, husema giaboksi ndogo sharti ishushwe. Basi gari la zahanati, la shule au la chama cha wakulima hukaa juu ya mawe wiki tatu kwa sababu ya ugonjwa ambao huenda halikuwa nao, na mama mjamzito aliyetazamia kubebwa kwalo hupelekwa hospitalini kwa bodaboda.

Asili ya hukumu hiyo ni imani kwamba gari la aina hii halikwami. Msomaji, hebu tuielewe difu. Kazi yake ni kuyawezesha magurudumu mawili ya eksele moja kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Lakini difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu moja msukumo kuliko mwenzake. Moja likiteleza kwenye utelezi, lile lililosimama penye ardhi ngumu nalo hupata nguvu haba tu. Kwa hiyo gari zima kabisa laweza kukwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure, na mawili mengine yakitulia kama wageni. Hapo hakuna kilichovunjika. Shaka ya haki huja pale ya nyuma yanapozunguka na yote mawili ya mbele hayatikisiki.

Hata hivyo, tusikimbilie spana. Katika Land Cruiser na Hilux nyingi za miaka ya nyuma, habu za magurudumu ya mbele hufungwa kwa mkono, na dereva asiposhuka kuzigeuza mpaka kwenye neno LOCK, mkono wa gia atauvuta bure. Ni dereva gani hupenda kushuka katika tope? Land Rover Defender ya zamani ina hila nyingine: husukuma magurudumu yote wakati wote, ila katikati mna difu ya tatu ambayo dereva hana budi kuifunga mwenyewe. Asipofanya hivyo, gurudumu moja tu likiteleza, manne yote huishiwa nguvu. Nayo magari mapya yanayotumia swichi huweza kunyamazishwa na fyuzi iliyoungua, waya uliong'olewa na kisiki, au mpira mwembamba wa hewa uliopasuka.

Hayo yakiwa sawa na shaka ingalipo, lipo jaribio lisilohitaji karakana kwa magari yenye mkono wa kutia na kutoa gia hiyo. Gari lisimame mahali pakavu na tambarare, injini ikiwa imezimwa, mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Tia gia ya magurudumu manne, funga habu, kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na ujaribu kulizungusha kwa mkono. Likikataa, nguvu inafika, na aliyekwama atafute lawama kwenye matairi yake yaliyojaa tope. Likizunguka, mwenzako aitazame propela ya mbele akiwa kando, asiingie uvunguni. Propela ikizunguka pamoja na gurudumu, kosa liko kwenye giaboksi ndogo au kwenye mkono wake. Propela ikitulia, kosa liko mbele, kwenye habu, eksele au difu. Fundi anayekataa kufanya jaribio hili mbele ya mwenye gari hastahili kulipwa hata nauli.

Nawatetea mafundi kwa jambo moja. Wengi huletewa magari yaliyovunjwa na madereva baada ya tope, wala si ndani yake. Dereva akishakwamuka huingia lamini akiwa bado ametia gia ya magurudumu manne. Katika gari lisilo na difu ya katikati, mitambo ya mbele na nyuma huanza kuvutana, usukani huwa mzito, na mkono wa gia hukataa kutoka. Aghalabu kurudi kinyumenyume hatua chache huulegeza. Badala yake utamwona mtu akiupiga mateke.

Wanaodhani chuma ndicho kila kitu wakumbuke mashindano ya Safari. Tangu 1953 hadi 1986, kwa matope yale yote ya msimu wa Pasaka, hakuna gari la magurudumu manne lililoshinda. Joginder Singh na Shekhar Mehta walinyakua ushindi wao kwa magari ya kusukumwa nyuma tu. Audi ya Hannu Mikkola ndiyo iliyovunja mwiko huo mwaka 1987.

Nitaje na maji, maana huua polepole. Difu iliyopata joto ikizama ghafla katika dimbwi hupoa na kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia au sili zilizochakaa. Siku hiyo gari hurudi nyumbani likiwa salama. Mlio huanza miezi baadaye, na mvua ikiwa imesahauliwa. Kizibo kifunguliwe siku ya pili yake. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote na kutiwa nyingine, kazi ya lita chache tu na saa moja ya fundi.