Tusihukumu kwa Jumla

Wanafunzi wenzetu, katika takwimu zipo data za kupima, kama urefu, na zipo data za makundi, kama jinsia: hizi hatuzipimi, tunazihesabu tu. Lakini tuwe waangalifu. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, wanaume walioomba masomo ya juu walikubaliwa asilimia 44, wanawake asilimia 35. Ikadhaniwa wanawake wamedhulumiwa. Wataalamu walipoigawa hesabu idara kwa idara, tofauti ile haikuonekana: wanawake wengi waliomba idara ngumu kuingia, zilizokataa waombaji wengi, wake kwa waume. Basi tukipewa jumla, tuulize kwanza ndani yake mna makundi gani, ndipo tuhukumu.