Jani la Mahindi na Jicho Lako

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowapata wengi shambani, nalo huonekana dogo: kukwaruzwa jicho na jani la mahindi.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa akivuna siku ya Ijumaa, jani likamkwaruza. Jumapili alikuja ibadani jicho likiwa jekundu, amelifunika kwa leso. Mimi mchungaji wake nilimwambia, "Pole, mama," nikaendelea kusalimia watu mlangoni. Jirani akamkamulia maji ya majani. Alipofika hospitali, wiki ya pili ilikuwa imeanza. Kidonda kilipona, lakini kiliacha chamba cheupe mbele ya mboni. Jicho hilo sasa linatambua mwanga na giza tu.

Hutokeaje? Mbele ya jicho pana utando mgumu, angavu kama kioo. Jani likiukwaruza, limefungua mlango. Majani, makapi na udongo hubeba vijidudu, pamoja na ukungu wa jamii ya ule unaoozesha mahindi ghalani. Ukungu huo hukua polepole, hata mtu akadhani anapona. Kidonda kikizama, matibabu huwa marefu, na kovu hubaki.

Lakini mlango huo waweza kufungwa mapema. Katika wilaya ya Bhaktapur, nchi ya Nepali, wahudumu wa afya vijijini waliwapaka watu waliokwaruzwa macho dawa ya kuua vijidudu, mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Walioanza dawa kabla ya saa 18 kupita, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Lakini kati ya watu 49 waliokuja baada ya siku moja hadi mbili, 14 walipata.

Basi ukikwaruzwa, usilifikiche jicho. Lioshe kwa maji mengi safi. Nenda zahanati siku ile ile, ukaeleze kwamba uliumizwa na jani. Usitie maziwa, wala maji ya majani, wala dawa iliyobaki kwa jirani. Maana zipo dawa za kuondoa wekundu ambazo huupa ukungu nguvu.

Wengine husema, "Hata Bwana Yesu alimpaka kipofu tope machoni." Ni kweli. Lakini hapo hapo alimtuma akanawe katika birika ya Siloamu, naye mtu yule hakungoja kesho. Nasi tusingoje.

Sasa ni majira ya kazi, nasi tutakutana tena mlangoni mwa kanisa. Nikiona jicho jekundu, sitasema pole tu. Nitauliza lilianza lini, na kama nauli ya kwenda zahanati ipo. Nawe, ndugu msikilizaji, mwulize jirani yako vivyo hivyo.

Bwana awabariki.