Mbwa Asiyepona: Lini Tumpumzishe?

"Daktari, si tumwache tu afe mwenyewe?" Swali hili huja karibu kila mara ninapomweleza mwenye mbwa kwamba ugonjwa umefika mahali ambapo dawa hazina tena la kufanya. Anayeuliza hana roho mbaya. Anampenda mbwa wake, anaogopa dhambi, na anaamini kwamba kifo kinachokuja chenyewe ni cha upole kuliko kile kinacholetwa na sindano. Kwa magonjwa mengi yanayotufikisha kwenye mazungumzo haya, imani hiyo si sahihi, na mwenye mbwa ana haki ya kuelezwa kwa nini kabla hajaamua lolote.

Chukua figo. Mbwa mzee anaanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara, nyumbani watu wanasema ni joto. Kwa kawaida hadi kipimo cha damu kionyeshe kreatinini imepanda, takribani robo tatu ya kazi ya figo imeshapotea na hairudi. Akigundulika mapema, akapewa chakula chenye protini na fosforasi kidogo, dawa za kutuliza kichefuchefu na maji ya dripu anapoishiwa, anaweza kuishi miezi mingi na wengine miaka. Lakini hatua ya mwisho ina sura yake. Taka zilizopaswa kutoka na mkojo hubaki kwenye damu. Ulimi na fizi hutoka vidonda, pumzi hunuka mkojo, mbwa hutapika hata maji matupu, misuli ya mgongo hunywea, na mwishoni huweza kushikwa na degedege. Hayo hayaishi usiku mmoja. Huweza kuchukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo tunazozichagua tunaposema afe mwenyewe.

Saratani ya mfupa nayo huwapata zaidi mbwa wakubwa, wakiwemo German Shepherd na Rottweiler ambao wengi wetu tunawafuga kwa ulinzi. Huanza kwa kuchechemea. Mwenye mbwa hudhani ameteguka au amepigwa jiwe, akamkanda kwa maji ya moto kwa wiki mbili tatu. Kisha uvimbe hujitokeza, mara nyingi kwenye mguu wa mbele, karibu na bega au kifundo. Mfupa huliwa kutoka ndani, na unaweza kuvunjika mbwa akishuka tu ngazi moja. Kufikia picha ya eksirei inapouonyesha ugonjwa, katika mbwa tisa kati ya kumi mbegu zake zimeshafika mapafuni, hata kama bado hazionekani. Kuukata mguu huondoa maumivu, na mbwa hutembea kwa miguu mitatu vizuri kuliko bwana wake alivyotarajia, lakini upasuaji peke yake humpa wastani wa miezi minne hadi mitano. Dawa za saratani zikiongezwa, hukaribia mwaka. Asipokatwa mguu wala kupata dawa kali za maumivu, kila siku anayoishi anaishi na mfupa unaooza.

Hata hivyo, hakuna mbwa anayestahili kupumzishwa kwa sababu ya sura tu. Jina la ugonjwa lazima lijulikane kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu katika mazingira yetu yako magonjwa yanayotisha kwa macho na bado yanatibika. Mbwa anayedondosha damu sehemu za siri na kuota nyama inayofanana na koliflawa ana saratani kweli, ile inayoambukizwa kwa kupandana, lakini sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita hivi, huponya wengi sana. Mbwa aliyelala hoi, fizi zimepauka, damu inamtoka puani, huenda ana ugonjwa wa kupe, na akiwahiwa anaweza kusimama tena kwa doksisaiklini ya wiki nne. Mtoto wa mbwa mwenye parvo anayehara damu huonekana kama ameshaaga dunia, ilhali wengi wanaopata dripu na uangalizi wa karibu hupona. Upofu, uziwi na uzee si magonjwa ya kuulia. Mzee anayeniletea mbwa mwenye mtoto wa jicho akisema "halindi tena" huondoka na mbwa wake na maelezo ya namna ya kumtunza asigonge ukuta.

Kichaa cha mbwa kiko peke yake. Kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa mtu, na uamuzi si wa familia tena. Mwite afisa mifugo, usimkaribie mbwa, wala asipigwe kichwani, maana maabara inahitaji ubongo ili kuthibitisha. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie chanjo hospitali bila kusubiri majibu ya mbwa.

Sasa turudi kwa mbwa ambaye ugonjwa wake unajulikana na hauponi. Mwaka 2004 daktari wa Marekani wa saratani za wanyama, Alice Villalobos, alichapisha kipimo ambacho madaktari wengi wanakitumia hadi leo. Kina mambo saba: maumivu, ulaji, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35, huhesabiwa kwamba bado kuna sababu ya kuendelea kumtunza.

Nakiheshimu kipimo hiki, na huwapa wateja wakijaze nyumbani kila baada ya siku chache, kwa maana karatasi haisahau jinsi hali ilivyokuwa wiki jana. Kasoro ninayoiona kwacho ni moja. Kujumlisha kunaweza kudanganya. Mbwa anayepumua kwa shida hafidiwi na alama kumi za usafi. Villalobos mwenyewe aliuweka upumuaji ndani ya kipengele cha kwanza cha maumivu, na alifanya vyema, kwani kukosa hewa ni mateso makubwa kuliko njaa. Mhesabie mbwa wako pumzi akiwa amelala usingizi: mwenye afya hazidi 30 kwa dakika. Mwenye ugonjwa wa moyo anayepanda hadi 40 na 50 akiwa amelala ana maji kwenye mapafu, na dawa za kuyatoa zikishindwa, usisubiri alama nyingine zishuke.

Jambo linalowapotosha watu wengi ni ulaji. "Bado anakula, daktari." Mbwa anaweza kula huku anaumwa sana, kama anavyoweza kukutingishia mkia huku mfupa wake umeoza. Mnyama huyu hafichi maumivu kwa ujanja. Hayapigii kelele tu. Huyaonyesha kwa mabadiliko madogo: anahema ilhali hakuna joto, anazunguka usiku akikosa mkao wa kulala, analamba sehemu moja mpaka manyoya yanaisha, hatoki bandani mtoto anaporudi shule, anamfokea mtu aliyemzoea akiguswa. Ukiona matatu ya namna hiyo kwa pamoja, chukulia kwamba anaumia, muombe daktari dawa halisi za maumivu za mbwa, na uangalie kama anarudi kuwa yule unayemjua. Asiporudi hata kwa dawa, jibu unalo. Usimpe diklofenaki au ibuprofeni za nyumbani, zinatoboa tumbo na kuua figo, wala vidonge vya Panadol kwa kukisia.

Na je, ni nani anayemjua? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam au Nairobi, anayelipa daktari siye anayeishi na mbwa. Baba huondoka alfajiri na kurudi usiku. Anayempikia ugali na dagaa ni dada wa nyumbani. Anayekesha naye ni mlinzi wa geti. Wao ndio wanaojua kwamba wiki hii hajabweka hata mara moja, au kwamba sasa anajikojolea pale alipolala na kuona haya, akijaribu kuondoka na kushindwa. Nimezoea kuomba niongee na mlinzi kwanza, na mara nyingi hunipa kwa dakika tano yale ambayo vipimo haviwezi kunipa. Naomba familia nazo zimuulize, na zimsikilize kwa heshima. Uchungu wa kuondokewa na mbwa huyo ni wake pia.

Kuhusu fedha tuseme ukweli bila aibu. Vipimo, dripu za kila siku, upasuaji na dawa za saratani ni gharama kubwa, na nyumba ina ada za shule na wagonjwa wake. Tiba iliyoko kwenye vitabu lakini haipatikani mjini kwako, au inapatikana kwa bei usiyoweza kuilipa mpaka mwisho, si tiba ya mbwa wako. Mwambie daktari mapema kiasi ulichonacho. Naona afadhali mbwa mwenye figo zilizochoka apate wiki tatu njema, bila kichefuchefu, na kifo kilichopangwa, kuliko dripu za siku nne zilizomaliza akiba na kukatishwa katikati. Anayeamua hivyo kwa kukosa fedha hajamsaliti mnyama wake.

Wengine hubanwa na dini. Si kazi yangu kutoa fatwa wala kuhubiri, na mwenye shaka amuulize sheikh au padri wake. Ninachojua ni kwamba Mwislamu amefundishwa habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na kwamba Biblia katika Mithali humsifu mwenye haki anayeujali uhai wa mnyama wake. Sheria za nchi nazo haziko kimya: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ina Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na zote mbili zinakataza kumtesa mnyama bila sababu. Kumtupa mbwa mgonjwa porini, au kumwekea sumu kwenye nyama, ni ukatili wa wazi. Strikinini, ambayo imetumiwa miaka mingi kuua mbwa wa mitaani, hukakamaza misuli yote mbwa akiwa na fahamu zake mpaka anashindwa kupumua.

Sindano ya daktari ni kitu kingine kabisa. Kwanza mbwa hupewa dawa ya kumtuliza hadi asinzie, wewe ukiwa umemshika kichwa ukitaka. Kisha kwenye mshipa wa mguu wa mbele huingizwa pentobarbitali, dawa ya usingizi kwa kiwango kilichozidishwa. Ubongo huzimika kwanza, halafu pumzi, halafu moyo, kwa kawaida ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja mbili za ghafla au kutokwa na mkojo; hayo ni ya mwili, yeye hayasikii tena.

Pentobarbitali haipatikani kila mahali. Pale inapokosekana, daktari anaweza kumlaza mbwa kwa dawa kamili ya nusukaputi na ndipo akausimamisha moyo kwa kloridi ya potasiamu. Hilo linakubalika ikiwa tu mbwa amepoteza fahamu kabisa kwanza. Potasiamu au magnesiamu kwa mbwa aliye macho ni mateso. Kwa hiyo muulize anayekuja, awe daktari au bwana mifugo: "Atalala usingizi kamili kabla ya dawa ya mwisho?" Asipokujibu moja kwa moja, tafuta mwingine. Hospitali za mifugo za kufundishia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, zinaweza kukusaidia au kukuelekeza.

Mwili wenye pentobarbitali ni sumu. Tai, fisi au mbwa mwingine akiufukua na kuula anaweza kufa, kwa hiyo shimo liwe refu, zaidi ya mita moja, mbali na kisima, na lifunikwe kwa mawe kabla ya udongo.

Watoto waambiwe kweli kwa maneno mafupi: alikuwa mgonjwa sana, haponi, daktari amemsaidia afe bila maumivu. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano kwamba mbwa "amelala," ataogopa kwenda kitandani. Ukisema "amesafiri," atamsubiri getini.

Katika kazi hii, wanaokuja mapema mno ni wachache. Wengi huchelewa kwa siku tatu, kwa wiki, wakisubiri alama ya wazi, na alama hiyo ikija huwa ni saa nane za usiku, mbwa anatapatapa, hakuna daktari anayepokea simu. Kwa hiyo kama mbwa wako ana ugonjwa usiopona, kaeni leo pamoja nyumbani, mlinzi na dada wakiwepo, muandike mambo matatu ambayo yakitokea mtaamua: pengine asipoweza kusimama mwenyewe, asipokula siku mbili, akikosa usingizi kwa maumivu. Kisha mpigie daktari wako mchana, mbwa angali anatembea, umuulize anatumia dawa gani, anatoza kiasi gani, na kama anaweza kuja nyumbani.